Koti la Akiba la Taratibu

Ningepewa nafasi ya kurudia siku moja tu katika miaka thelathini na moja ya kazi ya ulinzi hapa Kampala, nisingechagua siku niliyoanza wala siku niliyoagwa. Ningechagua Jumamosi moja asubuhi, mlangoni pa jengo la maduka kule Ntinda, Madamu Nakitto alipokuja amembeba mbwa wake mweupe anayeitwa Pepsi, akaniomba koti. Ningemwambia hapana. Neno hilo nililisema mara nyingi kila siku kwa watu wengine: hapana, usiegeshe hapo, hapana, mkoba haupiti bila kufunguliwa. Kwake sikulitoa.

Akello, ambaye sasa ndiye mkuu wa zamu pale mlangoni, ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki kazini yale niliyojifunza. Habari za vyeo nimeziacha. Vilikuwa viwili, na cha pili nilipewa kwa sababu aliyestahili alihamia kampuni nyingine. Nitaandika habari za mbwa, maana ndio walionifundisha kazi, na kwa kupitia kwao ndipo nilipoiharibu.

Nilitoka Bungoma na cheti changu cha kidato cha nne nikiwa nimekikunja ndani ya Biblia kisilowe. Binamu yangu wa Lubaga alikuwa ameniambia kuna kazi ya ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa banda la mabati, na ndani yake mlikuwa na mbwa kumi na wanne. Aliyenipokea ni Afande Odoki, mwanajeshi mstaafu, mwembamba kama ufito, aliyesema Kiswahili cha kambini. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Wewe Mukenya, naogopa mbwa?"

"Hapana, afande."

"Uongo. Mbwa najua, mimi najua, wewe peke yako ndiyo hapana jua."

Akanifungia ndani ya banda la mbwa aliyeitwa Rambo, akaniambia nikae chini, nisiongee, nisimguse, nisimtazame machoni. Nilikaa hapo tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Rambo alinibwekea, akachoka, akaninusa viatu, mwishowe akalala na kunigeuzia mgongo. Odoki akafungua mlango. "Sasa nakujua. Kesho utamujua yeye." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Vifaa vilikuwa vichache. Kamba ya ngozi, ambayo tuliipaka mafuta ya kupikia ili isikatike. Kioo chenye magurudumu cha kutazamia chini ya magari. Kipande cha tairi kuukuu, ambacho mbwa alipewa akitafune akifanya vizuri. Na koti. Koti lilikuwa la kitambaa kigumu cha rangi ya chungwa, lina maandishi MBWA WA KAZI ubavuni na namba ndogo iliyoshonwa chini ya mkanda wa tumbo. Odoki alikuwa na sheria moja kuhusu koti, na aliishika kuliko sheria zote za kampuni. Mbwa havishwi mpaka dakika ya kuanza kazi. Kazi ikiisha, koti linavuliwa hapo hapo, kabla ya maji, kabla ya chakula. Akiwa nalo hachezi, hapapaswi, halali. Siku moja alinikuta nimemwacha Rambo kivulini akisinzia na koti lake. Alilivua, akanivisha mimi begani, akanizungusha uani mbele ya wenzangu wote.

"Tazama! Koti nafanya kazi? Koti hapana fanya kazi. Mbwa ndiyo nafanya kazi!"

Walicheka hadi wakaketi. Nilicheka pia. Sikujua nafundishwa jambo nitakaloliacha baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Miaka ikapita. Odoki alirudi kwao Gulu kupumzika, nami nikawa ndiye mfunzaji. Mbwa wa kunusa magari nimewafundisha wengi, na aliyeshindwa vibaya kuliko wote ndiye ninayempenda kuliko wote. Kwenye daftari la kampuni aliitwa Tango. Sisi tulimwita Taratibu. Alikuwa wa rangi ya udongo, masikio yamelala, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita mtaro bila kusimama. Bodaboda ikitokea upande wowote, anasimama. Ngazi, anasimama. Shimo la barabarani, anasimama na kukutazama kana kwamba wewe ndiye uliyelichimba. Mbwa wa kunusa anatakiwa azunguke gari kwa haraka. Huyu alikuwa akikagua lami kwanza. Kampuni ikaamua atolewe apewe mtu yeyote anayemtaka.

Nilimjua mtu wa kumpa. Mwalimu Shaban alikuwa rafiki yangu tangu nilipolinda duka lililotazamana na nyumba yao kule Old Kampala. Wazee wake walitoka pwani zamani wakifanya biashara ya nguo, wakatulia hapa, lakini Kiswahili chao hakikutulia wala hakikulegea. Yeye alifundisha watoto Kurani na hesabu, na mimi, Mkenya mzima, alinifundisha Kiswahili. "Wafula," aliniambia mara ya kwanza, "wewe ni mtu mwema lakini sarufi yako imelewa." Tangu hapo kila nilipopita aliniita ndani nikanywe chai ya tangawizi na kusahihishwa.

Kisha presha ya macho ikamshika. Kwa miaka miwili aliona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, halafu tundu likazibwa. Mtu aliyezoea kutembea kutoka msikitini hadi sokoni na kurudi akawa anakaa kitandani akingojea binti yake, Rukia, arudi kutoka kazini ampe bega. "Ndugu yangu," aliniambia siku moja, "hata wembe siku hizi naomba ruhusa kwenda kununua."

Ndipo nikamtajia Taratibu. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa akimimina chai. Aliiweka birika chini.

"Mbwa? Nyumba hii? Wafula, zawadi zote zimekwisha madukani?"

"Si zawadi, Bi Zuhura. Ni macho."

"Macho yenye mate!"

Alikuwa na haki yake. Kwa watu wa dini yake mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa mtu humlazimu akajitwaharishe. Mwalimu hakubishana naye. Alimwita mjomba wake, shehe mwenye heshima zake, wakakaa mchana mzima. Shehe akasema mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo wanaruhusiwa kwa kuwa wana kazi, na kumwongoza kipofu ni kazi. Wakapatana: Taratibu atalala ukumbi wa nyuma, sahani yake haitaingia jikoni, Mwalimu atakuwa na kanzu ya kutembea na kanzu ya kuswalia, na saa ya swala mbwa atabaki mlangoni mwa duka la misumari jirani na msikiti. Bi Zuhura alikubali akiwa amegeuza uso. Baada ya mwezi mmoja nilimkuta nyuma ya nyumba akimwekea Taratibu mifupa ya pilau. "Usimwambie Mwalimu," akasema. "Ataanza kujidai."

Hapa mjini hakukuwa na mtu wa kuniambia mbwa wa kipofu anafundishwaje. Nilifunga macho yangu kwa kitambaa nikatembea naye mwenyewe, nikaanguka mara tatu, zote kwa kosa langu. Mpini wa kushikia tuliutengeneza kwa bomba la mkongojo wa zamani. Kilichokuwa ugonjwa kazini kwetu kikawa dawa: mtaro, anasimama, bodaboda, anasimama, ngazi, anasimama, na Mwalimu anaipapasa kwa ncha ya kiatu. Ilituchukua miezi sita. Siku alipokwenda peke yake dukani akarudi na wembe, aliuinua juu kama kombe la mpira.

Ili walinzi wamtambue nilichukua makoti mawili stoo: moja la kuvaa na jingine la akiba, la kubadilisha linapofuliwa. Namba saba na namba nane. Kampuni hairuhusu koti kutoka nje, kwa hiyo kwenye daftari niliandika kwamba yamechakaa na yamechomwa moto. Meneja wa jengo wa wakati ule alijua habari za Mwalimu akaruhusu kwa mdomo tu. Kwa hiyo kila Alhamisi, akishamaliza kumfundisha mtoto mmoja wa Ntinda, Mwalimu aliingia jengoni kwetu na Taratibu, akanunua vitu vyake, kisha akaja kunywa chai kwenye kibanda changu. Taratibu alipita buchani bila kugeuza shingo. Wateja waliokuwa wakikimbia mbwa walijifunza kumpisha. Koti namba saba, lile la akiba, lilibaki kwenye droo yangu.

Sasa narudi kwa Madamu Nakitto. Alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake alikiokota safari zake za kwenda Nairobi kununua mali. Nilimpenda, nasema wazi. Alinisalimu kwa jina, aliuliza habari za wanangu, na alimpenda Pepsi kwa namna inayokufanya umpende Pepsi pia. Kwa miezi mingi nilimzuia mlangoni naye alicheka akamrudisha garini. Jumamosi ile jua lilikuwa kali na Mwalimu alikuwa amepita siku mbili tu nyuma.

"Wafula, yule mzee anaingia na mbwa. Mimi kwa nini hapana?"

"Yule mbwa ni macho yake, madamu."

"Na huyu je? Tangu mume wangu afe, huyu ndiye nasema naye asubuhi. Upweke si ugonjwa, ssebo, bwana wangu?"

Pepsi alikuwa ametoa ulimi nje kwa joto. Nikaingia kibandani, nikafungua droo, nikalitoa koti namba saba. Lilimfika Pepsi hadi kwenye kucha. Tulilikunja tukalibana kwa pini. "Bambi jamani, tazama askari wangu!" akasema Madamu, akaingia akitembea kama anayekwenda kupokea nishani. Nilicheka siku nzima. Nilijiambia ni kimbwa cha kilo nne, kitamdhuru nani.

Lakini nyinyi mnajua mlango. Unachomruhusu mmoja, kesho wamekiona wote. Wiki ya pili akaja mwalimu wa mazoezi na mbwa aliyevaa fulana ya chungwa iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Nilimuuliza anafanya kazi gani, akasema, "Ananizuia nisinenepe." Akaja msichana na kimbwa ndani ya mkoba, kimevalishwa soksi ya mtoto iliyoandikwa SEKYURITI. Akaja mzee mmoja akaniapia kwamba mbwa wake anatambua presha ikipanda; wakati anaapa, mbwa wake alikuwa anakojolea kioo changu cha kukagulia magari. Mafundi cherehani wa sokoni walianza kushona makoti ya rangi zote. Wenye mbwa walinijua, wakanitania, wakaniletea mayai na ndizi. Ningewazuia wote, wangeniuliza: na Pepsi? Nikawaacha, nikajifanya ni vichekesho. Akello alikuwa mgeni kazini. Aliniuliza, "Mzee, tunajuaje ya kweli?" Nilimwambia atazame koti. Odoki angenivisha lile koti tena.

Naandika hapa nilichopaswa kumjibu, ili kisipotee. Usitazame koti. Mtazame mbwa anapopita kwenye nyama. Muulize mwenyewe, kwa heshima, mbwa huyu anakufanyia nini, na usubiri. Mwenye mbwa wa kweli atakujibu kwa sentensi moja, maana ni maisha yake ya kila siku. Mwingine atakupa hadithi ndefu.

Mwaka haukuisha. Mbwa mkubwa mwenye koti la cherehani, jina lake Tyson, alimwona Pepsi kwenye mikate akamrukia. Rafu mbili zilianguka, na mtoto wa miaka mitano akasukumwa chini akachanwa shavu. Si jeraha kubwa, lakini mama yake alilia kwa sauti ambayo bado naisikia. Nilimtoa Tyson kwa kumshika mkanda wa shingo, mkono wangu ukitoka damu, na watu wakanishukuru kama shujaa. Hiyo ilikuwa sehemu mbaya zaidi ya siku ile.

Meneja alikuwa mpya, mtu wa haki na haraka. Aliniita ofisini. Mezani palikuwa na ile soksi ya yule msichana na koti la Tyson. La Pepsi Madamu alikuwa ameondoka nalo.

"Wafula, tangu leo mbwa yeyote anaishia mlangoni, mwenye koti na asiye nalo. Agizo litakwenda kwenye majengo yote tunayolinda: benki, kliniki, kote. Lakini sitaki kumdhulumu mtu. Wewe ndiye mtaalamu. Miongoni mwa hawa, yupo hata mmoja wa kweli? Niandikie jina lake na namba ya koti, nitamwacha apite."

Alinisukumia karatasi na kalamu.

Namba nane. Hiyo tu. Lakini namba nane ingetafutwa kwenye daftari, na kwenye daftari ilikuwa imechomwa moto kwa mkono wangu, pamoja na namba saba, na namba saba kila mtu alikuwa ameiona tumboni mwa Pepsi. Nilibakiza miezi minane nistaafu. Niliitazama ile kalamu.

"Hakuna," nikasema.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka mlangoni. Nilikuwa nimekusudia kumtumia Mwalimu ujumbe asije, kila siku nikaahirisha. Nilimwona akija, kanzu yake nyeupe, Taratibu kushoto kwake na koti lake safi. Akello akawazuia.

"Mzee wangu, pole. Mbwa haiingii tena."

"Salaam, binti. Huyu ni Taratibu, ananiongoza. Walinzi wote hapa wanamjua."

"Najua, mzee. Lakini ni oda. Ile yenye koti pia."

"Basi niitie Wafula."

Akello akanigeukia. Nikamtikisia kichwa kumkatalia. Lakini Taratibu hakujua kutikisiwa kichwa. Alikuwa amenipata kwa pua, na ingawa alikuwa ndani ya koti na kwa sheria ya Odoki hakutakiwa kucheza, mkia wake ulianza kwenda huku na huku, ukimpiga Mwalimu gotini. Mwalimu aliusikiliza ule mkia. Kisha akageuza uso wake mahali hasa nilipokuwa.

"Wafula. Upo hapo, ndugu yangu?"

Sikujibu.

Alingoja. Watu walimpita kushoto na kulia, wakiweka simu zao kwenye sahani ya plastiki na kuingia. Akello alinitazama, halafu akatazama chini. Mwalimu akamwambia, "Ahsante, binti, umefanya kazi yako," akageuka. Taratibu alikataa kuondoka mara ya kwanza. Ilibidi amvute.

Wiki mbili baadaye Rukia alikuja kibandani kwangu. Alikuwa na Taratibu kwa kamba, na mfuko wenye koti namba nane, limefuliwa na kupigwa pasi, na ule mpini wa mkongojo. Benki ilikuwa imewarudisha. Kliniki ya macho pia. Duka la dawa pia.

"Baba anasema mbwa ni wenu," akasema. "Mama amelia, lakini baba amekataa kabisa."

"Amesema kitu kingine?"

"Amesema usihangaike kuja."

Nilikwenda kwa meneja asubuhi iliyofuata, nikafungua daftari mbele yake, nikaeleza yote. Alinisikiliza, akanipa onyo la maandishi, na jioni ile ile akatoa barua nyingine: mbwa anayemwongoza asiyeona apite, kote. Ninyi mnaisimamia barua hiyo leo, na Akello anaisimamia vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Madamu Nakitto alinirudishia koti namba saba mwenyewe, akitokwa na machozi. Sikumlaumu. Aliomba tu. Mwenye mlango nilikuwa mimi.

Nikaichukua barua, nikamchukua Taratibu, nikaenda Old Kampala. Bi Zuhura alinifungulia. Alimpapasa mbwa kichwani kwa mkono mtupu, mbele ya jirani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilimsomea barua kwa sauti ili isikike chumba cha ndani. Nilisikia tasbihi ikisogea nyuma ya pazia, ikasimama nilipomaliza, kisha ikaendelea. Bi Zuhura aliniletea chai pale pale kizingitini. Haikuwa na tangawizi. Nimerudi mara tano tangu hapo, na mara zote nimeinywa nimesimama, nikaondoka na Taratibu.

Sasa nimestaafu, ninaishi Lubaga na Taratibu. Amezeeka, ana mvi mdomoni. Kila Alhamisi sijui anaijuaje, lakini anakwenda kusimama getini upande wa kushoto, akingoja kuvishwa. Simvishi, maana hakuna kazi ya kuanza.

Nililitoa lile koti la akiba ili nimfurahishe mtu niliyempenda, na sikuwa na ujasiri wa kulisema nilipoulizwa. Limenigharimu Mwalimu Shaban, rafiki yangu wa miaka ishirini, ambaye hajanisemesha neno tangu aliponiita mlangoni nami nikanyamaza. Naye yupo kitandani Old Kampala, anamngoja Rukia arudi kutoka kazini ampe bega.